Wanawake Kwenye Meza ya Bodi: Historia, Faida na Haki

Ukitoka Jinja mjini kuelekea Iganga, unapita karibu na kilima cha Wanyange kabla hujafika Kakira. Juu ya kilima wasichana wanasoma sekondari, na upande wa mashariki yanaanza mashamba ya miwa na moshi wa kiwanda cha sukari. Umbali kati ya dawati la mwanafunzi na ofisi ya meneja wa kiwanda ni wa kilomita chache tu. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, hakuna msichana wa kilima hiki ambaye angetarajiwa kuufupisha umbali huo.

Siku hizi mambo yamebadilika, na mabadiliko hayo yamekuja na kauli ambayo bila shaka umewahi kuisikia redioni au kuisoma magazetini: kwamba kampuni zenye wanawake katika uongozi hupata faida kubwa kuliko kampuni zinazoongozwa na wanaume watupu. Ni kauli tamu masikioni. Raia mwenye elimu, hata hivyo, haipimi kauli kwa utamu wake. Katika insha hii nitakueleza kwa ufupi historia ya wanawake katika uongozi wa kampuni na mashirika ya Afrika Mashariki, kisha tuulizane mambo mawili. Je, kauli hiyo ni ya kweli? Na je, haki ya mwanamke kuketi kwenye meza ya uongozi itegemee faida?

Maneno ya kuelewa kwanza

Kampuni ina ngazi mbili za uongozi ambazo wanafunzi wengi huzichanganya. Ngazi ya juu ni bodi ya wakurugenzi. Hawa huchaguliwa na wanahisa, yaani wenye kumiliki sehemu za kampuni, nao hukutana mara chache kwa mwaka ili kupanga mwelekeo, kukagua hesabu na kuwasimamia watendaji. Kiongozi wao ni mwenyekiti wa bodi. Ngazi ya pili ni menejimenti, inayoendesha kazi za kila siku chini ya mkurugenzi mtendaji.

Neno utendaji nalo lina vipimo vingi. Unaweza kutazama faida ya mwaka, gawio wanalopewa wanahisa, bei ya hisa sokoni, idadi ya wateja, au uwezo wa kampuni kudumu miaka mingi bila kufilisika. Mtu anapokuambia kwamba wanawake huongeza utendaji, muulize anatumia kipimo gani. Kampuni inaweza kushinda kwa kipimo kimoja na kushindwa kwa kingine.

Mji wa viwanda, ofisi za wanaume

Jinja ulijengwa kuwa moyo wa viwanda vya Uganda. Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira mwaka 1930. Serikali ya kikoloni iliunda Shirika la Maendeleo la Uganda mwaka 1952, na mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo umeme wake uliendesha kiwanda cha nguo cha Nyanza, maarufu kwa jina la Nytil, pamoja na kiwanda cha kuyeyusha shaba iliyotoka Kilembe. Mbale nako, mwaka huohuo wa 1954, wakulima wa kahawa wa mlima Elgon waliunda Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu.

Sasa tazama nani alikuwa wapi. Menejimenti ya viwanda ilikuwa ya Wazungu na Waasia, wote wanaume. Vibarua wa Kiafrika walikuwa wanaume waliotoka sehemu mbalimbali za nchi na nchi jirani. Kule Bugisu, mikono ya wanawake ilipalilia, ikachuma na kuosha kahawa, lakini uanachama wa ushirika ulifuata umiliki wa shamba, na shamba lilikuwa la mume. Aliyeandikwa kwenye daftari ndiye aliyepiga kura, na aliyepiga kura ndiye aliyeweza kuchaguliwa kwenye kamati. Mwanamke hakufukuzwa kwenye uongozi kwa tangazo lolote. Alizuiwa na ngazi iliyokosa vipago vya mwanzo.

Elimu ilikuwa kipago kimojawapo. Shule ya wasichana ya Gayaza ilianzishwa mwaka 1905, lakini mafunzo ya mwanzo ya wasichana yalikusudiwa kuwatayarisha kuwa wake wema wa wanaume waliosoma. Chuo cha Makerere kilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, nao walikuwa 6 tu. Kabla yao, kaulimbiu ya chuo ilisema kwamba wanachuo na wawe wanaume. Kaulimbiu hiyo ilibidi ibadilishwe, ikaja nyingine isemayo kwamba tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Badiliko hilo dogo la maneno linatufundisha jambo: taasisi huweza kumfungia mtu mlango hata kwa sentensi iliyochongwa kwenye ukuta.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90 za kuondoka. Maelfu ya maduka na viwanda yaligawiwa kwa watu wengine, wengi wao wanajeshi na watu waliokuwa karibu na utawala. Kakira ilichukuliwa na serikali, na uzalishaji ukaporomoka hadi familia ya Madhvani iliporejea katika miaka ya 1980. Uongozi wa kampuni ulibadilika rangi kwa siku chache, lakini haukubadilika jinsia. Wanawake wengi walibaki sokoni, wakiuza ndizi, samaki na nguo, wakizishikilia familia mpaka uchumi wa nchi uliposimama tena.

Benki iliyozaliwa wakati wa vita

Mwanamke wa sokoni alipotaka mkopo, benki ilimwomba dhamana. Dhamana ilikuwa hati ya ardhi, na hati ilikuwa na jina la mume, baba au shemeji. Tatizo hilo halikuwa la Uganda peke yake. Mwaka 1975, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Mexico, wanawake kadhaa, akiwemo mfanyabiashara Esther Ocloo wa Ghana, walizungumzia haja ya chombo cha fedha cha wanawake. Mwaka 1979 wazo hilo lilizaa shirika la Women's World Banking. Nchini Kenya, Mary Okelo, ambaye mwaka 1977 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa umeneja wa tawi katika benki ya Barclays nchini humo, alishiriki kuanzisha Kenya Women Finance Trust mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Uganda ilifuata mwaka 1984. Nchi ilikuwa vitani, shilingi ilipoteza thamani, na watu wenye akili timamu waliogopa kuanzisha hata kioski. Katika hali hiyo kundi la wanawake wenye taaluma lilianzisha Uganda Women's Finance Trust. Ida Wanendeya ni mmoja wa wanawake waliolijenga shirika hilo katika miaka yake ya mwanzo. Kusudi lilikuwa wazi: kumpa mwanamke wa kipato cha chini mahali pa kuweka akiba na pa kukopa bila kumtegemea mwanamume mwenye hati.

Fuata safari yake, maana ina funzo. Bunge lilipopitisha mwaka 2003 sheria ya taasisi ndogo za fedha zinazopokea amana, shirika hilo lilijigeuza kuwa kampuni, likaondoa neno wanawake kwenye jina lake na kuitwa Uganda Finance Trust, kisha likapata leseni ya kupokea amana mwaka 2005. Mwezi Novemba 2013 Benki Kuu ya Uganda ililipa leseni ya benki kamili ya biashara, nalo likawa Finance Trust Bank chini ya mkurugenzi mtendaji mwanamke, Annet Nakawunde Mulindwa. Leo ina matawi katika miji mingi, Jinja na Mbale ikiwemo, na wanaume ni wateja wake vilevile.

Wengine wanalaumu kwamba neno wanawake lilipoondolewa kwenye jina, kusudi nalo lilipungua. Wengine wanasema taasisi iliyokua lazima ifungue milango kwa wote. Mimi naona jambo moja lisilopingika: wanawake waliokataliwa na benki za wenzao walijenga benki, na imedumu kwa kipindi kinachozidi miaka 40, kupitia vita, mabadiliko ya utawala na mabadiliko ya sheria. Ikiwa kudumu ni kipimo cha utendaji, basi hapo kuna ushahidi.

Benki iliyokufa, na hukumu isiyo sawa

Mwandishi asiyetaka kumdanganya msomaji wake hataishia hapo. Nchini Tanzania, Benki ya Wanawake ilifunguliwa mwaka 2009, serikali ikiwa mwanahisa mkubwa. Ilibeba jina la wanawake na iliongozwa na mwanamke. Haikufika miaka 10. Mtaji wake ulipungua chini ya kiwango kinachotakiwa kisheria, na mwaka 2018 Benki Kuu ya Tanzania iliiunganisha na Benki ya Posta.

Baadhi ya watu walitaka kulifanya tukio hilo kuwa hoja: mnaona, wanawake hawawezi benki. Ndugu msomaji, tuipime hoja hiyo kwa mizani ileile pande zote. Hapa Uganda, International Credit Bank ilifungwa mwaka 1998. Greenland Bank ilifungwa mwaka 1999. Crane Bank, iliyokuwa miongoni mwa benki kubwa za nchi, ilitwaliwa na Benki Kuu mwezi Oktoba 2016. Zote tatu ziliongozwa na wanaume. Je, umewahi kumsikia mtu akisema kwamba zimekufa kwa sababu wanaume hawawezi benki? Watu walisema, kwa haki kabisa, kwamba mikopo ilitolewa vibaya, kwamba wamiliki waliingilia kazi, kwamba usimamizi ulikuwa hafifu. Mwanamume akishindwa, hutafutwa sababu. Mwanamke akishindwa, jinsia yake inageuzwa kuwa sababu.

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko takwimu zote. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kipimo kinachotumika kwa mmoja kitumike kwa wote.

Wanaoitwa nyumba ikiwaka moto

Kuna jambo jingine ambalo historia ya Uganda inalionyesha vizuri, ingawa mifano yake inatoka kwenye mamlaka za serikali badala ya kampuni binafsi. Allen Kagina alikabidhiwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda mwaka 2004, wakati ambapo jina la mamlaka hiyo lilikuwa karibu sawa na neno rushwa. Aliwataka wafanyakazi kuomba kazi upya, akabadilisha mifumo, na katika miaka 10 ya uongozi wake makusanyo kwa shilingi yaliongezeka zaidi ya mara tatu. Mwaka 2015 aliitwa tena, safari hii kwenye Mamlaka ya Barabara, iliyokuwa imezama katika kashfa. Tume ya Jaji Catherine Bamugemereire ilieleza upotevu mkubwa wa fedha za barabara. Katikati ya vipindi hivyo, mwaka 2011, Jennifer Musisi alipewa jiji la Kampala, lililojaa madeni na mashimo. Mapato ya jiji yaliongezeka zaidi ya maradufu, lakini mwaka 2018 alijiuzulu akitaja uhaba wa fedha na kukosa kuungwa mkono kisiasa.

Je, ni bahati tu kwamba wanawake waliitwa wakati nyumba inawaka? Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Exeter, Michelle Ryan na Alexander Haslam, walijiuliza swali kama hilo. Mwaka 2003 gazeti la The Times la London lilidai kwamba kampuni kubwa za Uingereza zenye wanawake wengi kwenye bodi zilikuwa zikifanya vibaya. Watafiti hao walizitazama tarehe, na matokeo yao ya mwaka 2005 yaligeuza habari kichwa chini miguu juu: katika kipindi ambacho soko la hisa kwa jumla lilikuwa linashuka, kampuni zilizoteua wanawake zilikuwa zimeanza kufanya vibaya kabla ya kuwateua. Wakaiita hali hiyo genge la kioo. Genge ni ukingo wa mteremko mkali, na kioo ni kile usichokiona mpaka umekikanyaga. Mwanamke hupewa uongozi pale hatari ya kuanguka ilipo kubwa, kisha akianguka, watu husema tuliwaambia.

Lakini tuwe waangalifu pia. Jambo hilo halitokei kila mahali wala kila wakati. Nimelitaja ili ukumbuke kuuliza swali moja unaposoma habari za kampuni yoyote: hali ilikuwaje kabla ya kiongozi huyu kuingia?

Faida hupanda kwa nani?

Turudi kwenye kampuni. Katika miaka ya karibuni wanawake wameshika nafasi ambazo wazazi wetu wasingeziota. Edigold Monday aliiongoza Bank of Africa nchini Uganda. Anne Juuko alichukua uongozi wa benki ya Stanbic Uganda mwezi Machi 2020, mwezi uleule ambao ugonjwa wa korona uliifunga nchi. Sylvia Mulinge kutoka Kenya anaiongoza MTN Uganda tangu mwaka 2022. Nchini Tanzania, Ruth Zaipuna aliteuliwa kuiongoza benki ya NMB mwaka 2020.

Mfano wa NMB hutajwa sana. Faida yake baada ya kodi ilikuwa takriban shilingi bilioni 206 za Tanzania mwaka 2020, na mwaka 2023 ilipita bilioni 500. Mtu mwenye haraka atasema: umeona, mwanamke ameongoza, faida imezidi maradufu! Subiri kidogo. Katika miaka hiyohiyo benki ya CRDB, inayoongozwa na mwanamume, Abdulmajid Nsekela, nayo ilitoka kwenye faida ya takriban bilioni 165 hadi kupita bilioni 400. Benki mbili, nchi moja, viongozi wa jinsia mbili, na zote zimepanda. Maana yake ni kwamba kulikuwa na mambo mengine yaliyozibeba zote: uchumi uliofunguka baada ya korona, teknolojia ya simu, mawakala vijijini, na mikopo mibovu kupungua.

Je, hilo linampunguzia Zaipuna sifa? Hata kidogo. Alifanya kazi kubwa, na benki yake iliendelea kuwa mbele. Ila sifa hiyo ni yake kama kiongozi hodari. Mifano ya viongozi binafsi, hata ikiwa mizuri namna gani, haiwezi kutuambia kama jinsia ndiyo iliyoleta faida. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

Utafiti unasema nini?

Ili kulijibu swali hilo, watafiti hulinganisha kampuni nyingi kwa pamoja. Mwaka 2015 kampuni ya ushauri ya McKinsey ilitangaza kwamba kampuni zilizo katika robo ya juu kwa uwiano wa kijinsia zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 15, wa kupata mapato yaliyo juu ya kiwango cha kati cha sekta yao. Tangazo hilo lilienea dunia nzima. Lakini mwaka 2024 wasomi wawili, Jeremiah Green na John Hand, walichapisha matokeo ya jaribio la kuurudia uchunguzi wa McKinsey kuhusu utofauti katika uongozi, kwa kutumia kampuni kubwa za Marekani, na hawakuupata uhusiano uliodaiwa.

Norway inatupa mfano wa aina nyingine. Mwaka 2003 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni kubwa za umma kuwa na angalau asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi, na kufikia mwaka 2008 kampuni isiyotii ingeweza kuvunjwa. Kabla ya sheria wanawake walikuwa chini ya asilimia 10. Utafiti mmoja maarufu wa mwaka 2012, wa Kenneth Ahern na Amy Dittmar, ulisema kwamba thamani ya kampuni ilishuka, kwa sababu wakurugenzi wapya walikuwa vijana zaidi na wenye uzoefu mdogo. Watafiti waliokuja baadaye walizirudia hesabu hizo kwa njia nyingine, wakasema hakuna hasara inayoweza kuthibitishwa.

Corinne Post na Kris Byron wao walikusanya tafiti 140 kutoka nchi mbalimbali na kuzichambua kwa pamoja mwaka 2015. Walikuta kwamba kampuni zenye wanawake kwenye bodi zina faida kubwa kidogo kwa hesabu za vitabuni, lakini tofauti ni ndogo sana, na kwa upande wa bei za hisa sokoni karibu hakuna tofauti yoyote kwa jumla.

Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili: kwa wastani, wanawake kwenye bodi hawaiharibu kampuni, na hawaifanyi kuwa tajiri kwa miujiza. Uhusiano upo kidogo mahali fulani, haupo mahali pengine. Na hata pale ulipo, hatujui kama wanawake ndio walioleta faida, au kampuni zenye faida ndizo zilizopata nafasi na utulivu wa kuajiri wanawake. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini jogoo halichomozi jua.

Kwa nini basi waketi mezani?

Huenda baadhi yenu, hasa wasichana, mmevunjika moyo hapa. Msivunjike. Matokeo hayo yana habari njema iliyofichika. Kwa miongo mingi hoja ya kuwazuia wanawake ilikuwa kwamba biashara ingeanguka mikononi mwao. Ushahidi uliokusanywa, kwa jumla, umeshindwa kuiunga mkono hoja hiyo. Aliyekuwa akidai hasara ndiye aliyetakiwa kuithibitisha, naye hakuithibitisha.

Nitakwenda mbali zaidi. Nadhani hoja ya faida ni hatari kwa mwanamke mwenyewe. Ukimwambia kwamba ameteuliwa kwa sababu wanawake huleta faida, umempa kiti chenye mguu mmoja. Mwaka faida itakaposhuka kwa sababu ya ukame, vita au korona, kiti hicho kitapinduka, na pamoja naye watapinduka wasichana wote wanaomfuata. Mwanamume hajawahi kutakiwa kuthibitisha kwamba jinsia yake huongeza gawio. Yeye huulizwa tu kama anaiweza kazi.

Katiba yetu ya mwaka 1995 haikutumia lugha ya faida. Ibara ya 33 inasema kwamba wanawake wana utu sawa na wanaume, na kwamba wana haki ya kupewa fursa sawa katika siasa, uchumi na jamii. Inatambua pia hatua maalumu za kurekebisha dhuluma zilizotokana na historia na mila. Kwa moyo huohuo, tangu mwaka 1990 wasichana huongezewa pointi 1.5 wanapoomba kuingia vyuo vikuu vya umma. Bungeni kuna viti vya wanawake vya wilaya. Lakini kampuni binafsi hazina sheria ya namna hiyo hapa Uganda. Mlango wa bodi umebaki mikononi mwa wanahisa, na mara nyingi wanahisa humwita mtu wanayemfahamu, aliyesoma nao, anayecheza nao gofu.

Hapo ndipo kampuni yenyewe inapojinyima. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Benki inayotaka kuwakopesha wanawake wa soko la Jinja hupoteza mengi ikiwa hakuna mtu mezani anayejua soko hilo linavyoendeshwa. Bodi ya watu waliofanana hukubaliana upesi, na kukubaliana upesi ndiko kulikoziua baadhi ya benki nilizozitaja. Hata hivyo, mwanamke mmoja aliyewekwa kwenye bodi ili picha ya ripoti ya mwaka ipendeze hatabadilisha lolote. Sauti ya peke yake mezani hupuuzwa kwa urahisi. Faida ya mawazo tofauti hupatikana pale tu yanaposikilizwa.

Hitimisho

Ndugu msomaji, historia hii imetuonyesha ngazi ikijengwa kipago kwa kipago: shule, chuo kikuu, akaunti ya benki, umeneja wa tawi, kisha meza ya bodi. Kila kipago kiliwekwa na watu waliokataa kuambiwa wasubiri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyengoja utafiti wa McKinsey.

Kwa hiyo unapomsikia mtu akisema kwamba wanawake huongeza faida, mwombe takwimu na uzipime. Unapomsikia mwingine akisema kwamba huleta hasara, mwombe takwimu vilevile. Na anapokuja msichana wa Wanyange, wa Mbale au wa Kamuli mwenye shahada mkononi kuomba kazi kiwandani, aulizwe lile swali moja ambalo kaka yake huulizwa: unaiweza kazi hii?

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya bodi ya wakurugenzi na menejimenti. Kwa nini ni muhimu kujua mtafiti anazungumzia ngazi ipi?
2. Kwa nini mwanamke aliyelima kahawa Bugisu hakuweza kuwa kiongozi wa ushirika? Taja vizuizi viwili ambavyo havikuwa sheria ya wazi.
3. Linganisha NMB na CRDB kati ya mwaka 2020 na 2023. Mfano huo unatufundisha nini kuhusu sababu na matokeo?
4. Mwandishi anasema hoja ya faida ni "kiti chenye mguu mmoja". Je, unakubaliana naye? Toa sababu.
5. Andika aya mbili ukijadili kama Uganda inafaa kutunga sheria kama ya Norway. Tumia angalau methali moja ambayo haimo katika insha hii.